Kidole cha Kukazia Ukili

Mguu wangu mimi naujua kwa macho. Tangu sukari ilipohamia mwilini mwangu, nyayo zimekufa ganzi. Ukiniwekea kaa la moto hapo chini, nitalijua kwa harufu. Watu hudhani ubaya wa maradhi haya ni kunyimwa wali wa kushiba na chai ya kukolea. Hee! Wali nimeusamehe zamani. Kinachonitoa usingizini ni huu mguu, kwa sababu nimeona yaliyompata mzee mmoja jirani yetu hapa Mahege. Alipelekwa hospitali Kibiti na kidonda cha kisigino, akarudi hana kisigino. Akapelekwa tena, akarudi hana goti. Safari iliyofuata alirudi amelala, amefunikwa shuka mpaka usoni.

Basi mimi niliapa. Nesi wa kliniki aliponiambia, "Bibi, kutembea peku ni marufuku," nilimjibu, "Mwanangu, hilo umemaliza." Nikanunua viatu vya plastiki vya kufunika vidole, na toka hapo sivui. Chooni navyo, shambani navyo, kisimani navyo. Wenzangu walinicheka weee. "Bwana afya huyo anakuja, ficheni vyoo!" Nikawaambia chekeni, meno ni yenu na miguu ni yangu.

Wenzangu hao ni wanawake wa barazani kwa shoga yangu. Mimi na yeye tulipokuwa wari tuliwekwa ndani pamoja, tukatolewa pamoja, na hata sukari tumeipata tukifuatana kana kwamba tuliazimana. Kila siku tukishaswali adhuhuri tunakutana kwake kusuka ukili, ule mkanda mwembamba wa ukindu unaoshonwa hadi ukawa mkeka. Mmoja ana presha, mwingine goti halikunjiki, mwingine pumu. Unaviacha viatu chini ya ngazi, unapanda, unanyoosha miguu mkekani, na maradhi yako unayaacha huko huko na viatu. Ninaposuka, kichwa changu hutulia. Mawazo yanayonizonga asubuhi, ya mguu na ya kaburi, yanakosa nafasi kwa sababu vidole vina hesabu yao. Nesi mwenyewe alishasema presha yangu inashuka tangu nianze kwenda barazani. Akasema endelea hivyo hivyo, bibi, usiache.

Na kusuka kwenyewe tunasuka kama mama zetu walivyotufundisha. Ukili ukirefuka kidogo unaupitisha kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili, unaubana hapo, unauvuta ukaze, na ukishasuka mbele unausogeza tena. Kufunga ukili kwenye mguu wa kigoda ni kwa mwari anayeanza. Mtu mzima akionekana amefunga kwenye kigoda atatafutiwa jina la kumcheka hadi Ikwiriri.

Mwaka huo, mkeka wa jeneza la msikiti ulikuwa umechakaa, umetoboka pale panapolazwa mabega. Tukasema tutasuka mwingine sisi, tupate thawabu. Mkeka huo hauna rangi. Ni ukindu mtupu, mweupe. Kila mmoja akachukua sehemu yake ya ukili, halafu tungeshona pamoja.

"Sijui nani ataanza kuulalia," shoga yangu alisema siku ya kwanza, akichana ukindu wake.

"Anza wewe," nikamwambia, "mimi nina miadi kliniki."

Tukacheka hadi yule wa pumu akakohoa. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, jua bado kali, kicheko kiliniisha. Mguu wenye ganzi, na mkononi nina ukili wa jeneza. Sikuupenda ule weupe. Ukili wa rangi una mambo mengi, unabadilisha nyekundu, unaweka zambarau, unawaza harusi ya nani. Ule mweupe haukupi cha kuwaza ila wenyewe.

Aliyeona kidonda ni binti yangu, ninayeishi naye. Nilikuwa nimekaa uani nachambua mchicha, nimevua viatu nivioshe. Akaja na ndoo, akasimama.

"Mama, mbona sisimizi?"

Nikatazama. Sisimizi walikuwa wametoka kwenye nguzo ya jiko, wamejipanga mstari, wamepita mchangani mpaka kwenye mguu wangu, wakaingia kati ya kidole gumba na cha pili. Walikuwa wanaingia na kutoka kama kwao. Mimi sikuwa nahisi kitu. Wallahi, hata kuwashwa.

Binti akamwaga maji, akapiga magoti, akavitanua vidole. Nilimwona uso ulivyobadilika, nikajua kabla hajasema. Kidonda kipo.

"Tangu lini, Mama?"

Ningejuaje tangu lini? Mara tano kwa siku natia udhu, naosha mpaka katikati ya vidole, lakini maji nayamimina kwa mazoea na macho yangu si yale ya zamani. Nikajikaza nikamjibu kwa ukali, maana mimi nikiogopa nakuwa mkali.

"Panya tu huyo. Hunifungii chandarua vizuri!"

Sikuwa nasema uongo. Huku kwetu panya kumtafuna mtu wa sukari si hadithi. Anatafuna ngozi yenye ganzi, mwenyewe umelala fofofo. Tukatega mitego chumbani, tukaazima paka kwa jirani, na wakati wa kulala nikawa navaa soksi mbili na chandarua nakichomeka mwenyewe pande zote. Binti alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi kila asubuhi, akakifunga kitambaa. Alitaka twende Kibiti siku ile ile. Nikakataa. Kibiti ndiko jirani yangu alikoachia kisigino. Nikamwambia ngoja tumkamate panya kwanza.

Panya alikamatwa. Alikamatwa mmoja, akakamatwa mwingine, na paka akanenepa. Kidonda hakikufunga. Asubuhi kinaonekana kimekauka kidogo, tunashukuru. Jioni kitambaa kimelowa.

Na mimi, kwa hofu hiyo, ndiyo kwanza sikubanduka barazani. Nilikuwa nawahi kabla ya wenzangu. Nyumbani nilikuwa nikikaa peke yangu naona mguu wangu ukiwekwa kwenye ndoo ya hospitali. Barazani nikishika ukili, ndoo ile inaondoka. Kile kitambaa nilikuwa nakivua nikifika, maana kilikuwa kinakaa vibaya kati ya vidole na kunizuia kubana ukili. Nikimaliza nakifunga tena. Ukili wangu ulikuwa umekwisha kuwa mrefu kuliko wa wote. Shoga yangu akasema, "Wewe unausuka haraka, unaharakia wapi?" Sikuona kichekesho.

Kisha akaja wifi yangu. Wifi yangu huyu ni dada wa marehemu mume wangu, anakaa Chumbi, na hajawahi kuja kwangu bila kuleta neno. Alikitazama kidonda, akashika mdomo.

"Hicho si cha panya. Hicho umekanyaga kitu."

"Nimekanyaga nini? Mimi sitembei peku!"

"Kwenu hapa njia ni nyingi, wifi. Unapita wapi kila siku? Unakwenda kwa nani kila siku? Na huyo si ana sukari kama wewe? Mbona yeye mguu wake mzima?"

Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia mdomo wake utamponza, arudi Chumbi akapalilie mpunga wake. Alijifunga ushungi akaondoka, kanuna. Lakini neno lake halikuondoka naye. Lilikaa pale pale uani. Mchana kutwa nikawa nalirudia. Yeye mguu wake mzima. Yeye mguu wake mzima.

Kesho yake sikwenda barazani. Wala keshokutwa. Shoga yangu akaja mwenyewe na kikombe cha uji wa mtama, hauna sukari, kama tunavyopikiana siku zote. "Una nini, mwenzangu? Umetukimbia?" Nikasema tumbo. Alipogeuka tu nikaumwagia kuku. Halafu nikakaa nawachungulia wale kuku, nikisubiri mmoja aanguke. Hakuna kilichoanguka. Walikula wakapangusa midomo mchangani, wakaja kutaka mwingine.

Habari zikasambaa kijijini, sijui wifi alipitia nyumba ngapi akienda kupanda gari. Baraza ikavunjika. Yule wa presha akasema ana wageni, yule wa goti akasema ngazi zimemshinda, na yule wa pumu akaacha kupita njia ile. Kila mmoja akasukia kwake. Hata mimi nilisukia chumbani, mlango nimeuegesha, kwa sababu bila ukili ile ndoo ya hospitali ilikuwa inanirudia. Nilisuka asubuhi, nikasuka mchana. Paka alikuwa ananitazama. Panya hawakuwepo tena. Na kidonda kikazidi. Hapo sasa niliingiwa na hofu ya kweli kweli. Barazani siendi, njia yake siipiti, kuku hawakufa, panya wameisha, na nyama inaendelea kuoza. Ni nini kinanila?

Siku kidole kilipogeuka cheusi, binti yangu hakuniuliza. Aliita bodaboda, akanipakia katikati, yeye nyuma amenikumbatia. Njia nzima mpaka Kibiti nilisoma kila aya niliyofundishwa madrasa, na zile nilizozisahau katikati nikazianza upya.

Daktari alikuwa kijana mpole. Ule upole wake ndio ulionitisha zaidi. Alisema, "Bibi, tukikitoa kidole sasa, mguu tunaweza kuuokoa. Tukichelewa, siahidi." Akauliza natembea peku? Nikaruka.

"Mimi? Uliza Mahege yote! Chooni navaa, shambani navaa! Mpaka wananicheka!"

"Hata ndani ya nyumba?"

"Hata ndani!"

Na nilikuwa nasema kweli yangu yote. Akatikisa kichwa, akaandika.

Wakanilaza nisubiri, waishushe sukari kwanza. Wodi ilikuwa na mama mmoja kitanda cha jirani, mguu wake umeishia kwenye shuka. Sikuweza kumtazama, wala sikuweza kutazama kwingine. Nikamwambia binti yangu akaniletee ukili wangu kutoka nyumbani, nitakufa kwa mawazo hapa. Kesho yake mchana akauleta, bunda zima limeviringishwa kama nilivyoliacha. Nikataka kuona nimefika wapi, kama unatosha sehemu yangu ya mkeka. Nikaukunjua juu ya shuka, karibu na dirisha penye mwanga.

Ulikuwa na doa.

Doa dogo la kahawia, ukubwa wa ukucha. Nikadhani ni uchafu wa safari. Nikakunjua tena. Mbele kidogo, doa jingine. Mbele tena, jingine. Yalikuwa yamepishana urefu ule ule, urefu wa kunyoosha mguu na kuvuta. Nikauchukua ukili, nikautia pale kati ya vidole, nikauvuta kama siku zote. Doa likakaa juu ya kidonda sawasawa.

Nikashika chuma cha kitanda. Ukindu una makali jamani, nani asiyejua, mwari yeyote vidole vyake vimechanika kwa ukindu. Mwenye mguu mzima ukimkata anasema aa, anausogeza. Mimi nani angeniambia? Viatu nilivaa kila mahali, nikavivua pale pale palipokuwa na kisu. Kwani nani anapanda mkekani na viatu? Hata huyo nesi hakunikataza, wala sikudhani, mimi sikuwa natembea, nilikuwa nimekaa! Kile nilichokuwa nakikimbilia kinitulize, nilikuwa nakivuta mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, ndani ya nyama yangu. Na kwenye ukili wa jeneza.

"Mama, nini?" binti yangu akauliza. Nikamwonyesha. Akaweka mkono mdomoni, akaanza kulia.

Kidole kilitolewa. Mguu ukabaki, Alhamdulillahi. Nilirudi nyumbani na fimbo na kitambaa kikubwa, na amri ya kutotembea mpaka nimwone nesi. Sehemu ya ukili wenye damu tuliikata, haifai msikitini, binti akaichoma. Iliyobaki safi ilikuwa fupi sana.

Siku ya pili ya kurudi, nimelala uani kwenye kivuli, binti anapepeta mchele wa jioni, nikamwuliza habari za mtaani. Akasema hakuna jipya. Akasema shoga yangu ametengwa. Tangu maneno ya wifi watu hawapandi kwake. Hata kisimani anakwenda peke yake.

"Anafanya nini kutwa?"

"Anasuka. Nimepita asubuhi nikamwona mlangoni. Anasema mkeka wa jeneza ataumaliza peke yake, nyie wote mmekimbia."

Nikakaa. Sukari tuliyoipata tukifuatana. Ganzi tuliyokuwa tunacheka nayo, tukichomana miiba kwa mzaha kuona nani ataruka. Na yeye yuko peke yake, anasuka sehemu ya watu wote.

"Nipe fimbo."

"Mama! Umekatazwa!"

"Nipe fimbo, au nitambae."

Alinishika mkono huu, mkono mwingine fimbo, kiatu mguu mmoja na mfuko wa nailoni juu ya kitambaa mguu wa pili. Si mbali, ni kupita migomba tu, lakini jasho lilinitoka mpaka gauni likanata mgongoni. Nilikuwa namwomba Mungu nifike nikute nimechanganyikiwa bure. Anichambe tu, anifukuze.

"Hodi!"

"Nani? We! Na mguu huo umekuja kufuata nini?" Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, ukili mweupe umetoka mikononi mwake mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, umekazwa kama kamba ya kuanikia. Hakuinuka. "Kama umekuja kuniita mchawi, sema ukiwa hapo hapo nje. Uji wangu ulishawapa kuku, nimeambiwa."

"Nitakuomba radhi baadaye. Toa mguu nione."

"Nini?"

"Toa mguu wako!"

Nadhani sauti yangu ilimtisha. Akauchomoa ukili. Binti yangu akanishusha, nikakaa kwenye ngazi, nikauvuta mguu wa shoga yangu mapajani mwangu, nikavitanua vidole kama nilivyotanuliwa mimi. Palikuwa pamechimbika. Padogo tu, kama punje ya mpunga, pekundu, pabichi.

"Panauma?"

Aliinama akapatazama, na nikaona kabisa kwamba alikuwa hajapaona kabla. Halafu akajikaza, akaunyofoa mguu wake.

"Aa, hapo. Panya tu huyo. Leo leo nitategea."

Nikaliburura bunda la ukili wake lililokuwa pembeni, nikaanza kulikunjua pale ngazini. Alikuwa ananiuliza natafuta nini. Nilikunjua, nikakunjua, na madoa hayakuisha.

"Inuka twende Kibiti," nikamwambia. "Vaa viatu."

"Viatu ninavyo," akasema. "Mimi sitembei peku hata siku moja, wewe si unajua? Nilikuiga wewe."

Vilikuwa chini ya ngazi, karibu na kiatu changu kimoja, vya plastiki, vya kufunika vidole.